Chupa Yenye Uso wa Ranald Gauld

Katika bonde zima la Balnorran, Ranald Gauld ndiye mtu pekee aliyewahi kuwekwa picha yake kwenye chupa ya wiski, na ndiye mwanamume pekee aliyeapa kwamba wiski haijawahi kupita kooni mwake. Watu wa bondeni tuliyajua yote mawili. Waliomweka kwenye chupa walijua moja tu, na hakuna aliyejisumbua kuwaambia la pili, kwa sababu huku kwetu starehe ni chache na mvua ni nyingi.

Alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi nyuma ya ghala la tatu, mahali ambapo hata shuka zikianikwa hurudi ndani zikinuka kimea. Baba yake alikuwa akigeuza shayiri kwa koleo la mbao kwenye sakafu ya kuoteshea, mpaka bega moja likashuka kuliko jingine, na Ranald alipofikisha umri wa kazi akakabidhiwa koleo lile lile. Hakuna aliyemwuliza anataka kuwa nani. Enzi hizo mtu wa Balnorran alikuwa na njia mbili, kiwanda au meli ya kwenda Kanada, na meli ilikuwa na nauli.

Kiwanda chenyewe hakikuwa na jina la kutisha mtu. Kilikuwa na mitungi miwili ya shaba ya kuchemshia, mirefu kama nguzo za kanisa, dohani lililoinama kidogo, na mfereji uliozungusha gurudumu la maji. Tangu kilipojengwa, wiski yake yote ilipakiwa mapipa kwa mapipa na kupelekwa Glasgow, ikachanganywa na za viwanda vingine, ikauzwa kwa jina la bwana mmoja ambaye hajawahi kukanyaga hapa. Sisi tulioitengeneza tukienda dukani tulinunua huo mchanganyiko, tukautia ulimini na kusema hawa wa Glasgow wanajua kazi. Mara moja tu mfanyabiashara wa Bologna alinunua mapipa machache akayatia kwenye chupa kama yalivyo, na lebo akaiwekea picha ya ngome yenye minara mitatu. Hakuna ngome Balnorran. Mpaka leo wako Waitalia wanaokuja kuiulizia, na Tam Riach huwaelekeza kwenye banda la kuku la shangazi yake.

Ranald alimpenda Elspet, binti wa fundi mapipa. Yule fundi alikuwa na mikono ya dhahabu na koo lisilojua kushiba. Jioni moja ya Januari, akitoka kazini na mgao wake wa wiski wa siku nzima tumboni, aliingia kwenye mfereji, na asubuhi wakamkuta barafu imemshika kiunoni. Watu walisema ajali, ajali mbaya, kana kwamba mfereji ndio uliomrukia. Elspet alingoja mpaka Ranald alipomposa, akampeleka juu ya daraja la mfereji ule ule ili akasikie jibu lake hapo.

"Nitaolewa na wewe," alimwambia, "lakini hicho kitu kisiguse mdomo wako. Hata siku ya harusi yetu. Hata nikifa."

"Hata ukifa," Ranald akasema. Alikuwa kijana mwenye afya na mapenzi tele, na kwa mtu kama huyo neno hilo halina uzito wowote.

Kwenye harusi aliinua kikombe cha chai. Wageni walisikitika sana, kisha wakainywa sehemu yake isije ikaharibika.

Sasa, kulikuwa na desturi kiwandani, na anayedhani ilikuwa ulevi hajui kazi ya pale. Mara tatu kwa siku, asubuhi, adhuhuri na saa ya kutoka, wanaume walipanga mstari na kila mmoja akapimiwa kwa pembe ya ng'ombe wiski changa, nyeupe kama maji ya kisima na kali kama maneno ya mama mkwe. Aliyeingia kusafisha tanuri la kukaushia kimea, akatoka na masizi mpaka kwenye kope, alipata ya nyongeza. Mmiminaji wa zamani alikuwa akijimiminia na yeye, tena akimpendelea kila aliyekuja na hadithi nzuri, mpaka mchana kazi ikawa haiendi ila kwa kuimba. Meneja, Bwana Cruickshank, akamfukuza, akatazama mstari mzima kutafuta mkono wa kuaminika, akauona mmoja tu. Hivyo ndivyo asiyekunywa alivyopewa kugawa, na wanaume wakaona wameonewa kabisa.

Walikuwa na haki ya kulalamika. Ranald alikuwa mkono wa birika. Ndani ya ile pembe ya ng'ombe kulikuwa na alama ya kukwaruzwa, na yeye alimimina mpaka kwenye alama, hakuzidisha tone, macho yakiwa yamekazwa kama ya sonara. Siku ya tatu Tam Riach, mpishi wa mitungi, mtu ambaye mdomo wake haujui likizo, alikitazama kilichoko kwenye glasi yake kwa muda mrefu.

"Samahani kidogo, Mchungaji," akasema. "Unaninywesha au unanibatiza?"

Kuanzia siku hiyo jina likawa Mchungaji, na hata mchungaji halisi wa kanisa letu alikuwa akimwita hivyo, huku akinyoosha glasi. Ranald alijifanya jina linamuudhi. Ukweli ni kwamba lilimkaa kama suti ya Jumapili.

Na hapa lazima niseme wazi, kwa sababu marehemu mkewe hawezi tena kusema na Ranald mwenyewe alikataa kusikia: yule mtu alijiona. Alitoka kazini mgongo umenyooka, akiwapita wenzake waliokuwa wakipangusa midomo kwa mikono. Sikukuu ya mwaka mpya, siku ambayo huku watu huingia nyumba kwa nyumba na chupa mkononi, yeye alifunika glasi yake kwa kiganja na kuisimulia upya habari ya darajani, hata kwa waliokuwa wameisikia mwaka uliopita na mwaka wa kabla yake. "Nimemwahidi mke wangu," alikuwa akimalizia, na kumtazama Elspet. Elspet alikuwa akitazama moto.

Kitu kimoja tu kilimsumbua, nacho ni kifua. Vumbi la kimea na unyevu wa maghala vilimwingia mapema, na majira ya baridi ya kwanza baada ya harusi alikohoa hata majirani wakalala vibaya. Daktari alimpa chupa ya kitu chekundu, hakikusaidia. Ndipo Elspet akamtengenezea dawa ya kifua ya mama yake mzazi: maji ya oti zilizolowekwa, asali, malai, na vitu vingine ambavyo Ranald hakuvijua na hakuambiwa. Ilikuja ya moto kwenye kikombe kidogo cha buluu, jioni, baada ya viatu kuvuliwa. Ilikuwa na ukali wake, na dawa gani haina ukali. "Kunywa yote, usiulize," Elspet alikuwa akisema. Alikunywa yote. Kifua kikatulia, na Ranald akaenda kumringia Tam kwamba mwanamke mwenye gunia la oti amemshinda daktari mwenye cheti. Majira ya joto yalipofika kikombe hakikukoma, maana kifua kikishapona ni vizuri kisichokozwe.

Miaka ikaenda. Ile desturi ya pembe ikapigwa marufuku na watu wa ofisini ambao waligundua, kwa mshangao, kwamba wafanyakazi huendesha magari kurudi nyumbani. Badala yake kila mfanyakazi akapewa chupa moja kwa mwezi aende nayo. Ranald aliibeba yake kwa shingo, kama mtu aliyeshika panya mfu mkia, akamkabidhi Elspet. Elspet alisema ataipeleka kwa mke wa mchungaji, kuna wagonjwa. Ranald akaona hilo ni jambo jema, na akajiona zaidi.

Kisha ukaja mwaka wa themanini na tatu. Wakubwa wa Glasgow waligundua kwamba wametengeneza wiski nyingi kuliko koo za dunia, wakaanza kufunga viwanda kimoja baada ya kingine, na sisi tukapata barua fupi. Moto ukazimwa chini ya mitungi. Tam, aliyeipenda wiski ile kama mtoto wake, akaenda kufunga mabomba ya watu huko Elgin. Wote walioipenda waliondoka. Mapipa yakabaki, maghala matatu yamejaa, na kwa kuwa hakuna kampuni inayoweza kuacha wiski kiasi hicho na mtu mwenye kiu, funguo wakamwachia Ranald Gauld.

Alikuwa peke yake na mapipa yale miaka kumi na zaidi. Kila asubuhi alipita katikati ya safu akiyagonga kwa kirungu, akisikiliza lipi limevuja na lipi limepungua. Yote yalikuwa yakipungua. Huku tunasema hiyo ni sehemu ya malaika, ile inayopenya kwenye mbao na kupotelea hewani mwaka hadi mwaka, na jambo hilo lilimchukiza Ranald kuliko wizi. Alimwambia Elspet kwamba hajawahi kusoma popote kwenye Biblia malaika wakipewa posho. Elspet akamwambia avue viatu, dawa inapoa.

Kiwanda kilipofunguliwa tena, kilinunuliwa na kampuni ndogo ya Edinburgh iliyokuwa imegundua jambo la ajabu: wiski ambayo haikuwa na jina ilipokuwa ikitengenezwa, sasa watu wanaililia kwa kuwa ilikuwa imeacha kutengenezwa. Chupa ya yule Mwitaliano, yenye ngome isiyokuwepo, ilikuwa ikigombewa minadani. Wakatoa ya miaka kumi na miwili yenye picha ya paa mwenye pembe. Hiyo ilinunuliwa kiasi. Wakatoa nyingine iliyolazwa kwenye mapipa ya mvinyo, nyekundu kama dawa ya kikohozi ya daktari wetu, na hiyo haikununuliwa. Tam alirudi kwenye mitungi yake, akiwa na mvi na mdomo ule ule, na binti yake akaajiriwa kwenye mapipa ya kuchachushia.

Elspet alifariki mwezi wa Novemba, kwa wiki moja tu ya homa. Alikuwa amelala mchana, mikono juu ya blanketi, na neno la mwisho alilomwambia mumewe lilihusu jiko kuzimwa. Ranald alimzika, na suti yake ya Jumapili ni kama aliizika naye, maana hakuivaa tena kwa furaha.

Kifua kikarudi wiki hiyo hiyo. Alijaribu dawa za duka. Alijaribu mwenyewe kuitengeneza ile ya Elspet, akaloweka oti, akatia asali, akatia malai, akaimimina kwenye kikombe cha buluu, akakaa karibu na moto na kuionja. Ilikuwa uji. Aliongeza tangawizi, ikawa uji wenye tangawizi. Akaenda kwa shemeji yake Jessie, dada mdogo wa Elspet, akamwomba amwambie mama yao alikuwa akitia nini. Jessie alisema hakumbuki, mama alimwachia Elspet, kisha akaanza kuzungumzia bei ya makaa. Ranald hakuwa mtu wa kulia mbele za watu, lakini siku hiyo alirudi nyumbani kwa njia ya nyuma. Alichokuwa akikitafuta si dawa tu, na alijua.

Mwaka uliofuata ndipo Fenella alipotokea. Alikuwa mwanamke wa Edinburgh, mtu mwema, mchangamfu, mwenye viatu visivyofaa kwa tope letu, na kazi yake katika kampuni ilikuwa kuzipa chupa maneno. Alikuwa amesikia habari za mapipa ya mwisho, yale yaliyojazwa wiki za kufungwa kiwanda, yaliyokaa peke yao na mzee mmoja. Kwake hiyo ilikuwa hadithi tayari, imebaki lebo tu. Wiski itaitwa Mlinzi. Alimpiga Ranald picha amekaa juu ya pipa, macho yamefinywa, akitazama mbali. Lebo ilisema macho hayo yameona siri za miaka. Ranald alisema alikuwa akijaribu kukumbuka kama amefunga gesi.

Lebo zilipokuja ndipo alipoisoma sentensi iliyokuwa chini ya uso wake. Kila jioni, ilisema, kwa zaidi ya miaka arobaini, mlinzi wetu amekaa karibu na moto wake na tone lake la Balnorran.

Alikwenda ofisini na chupa mkononi.

"Huu ni uongo," alisema. "Mimi sinywi. Sijawahi kunywa. Nilimwahidi mke wangu."

Fenella alimtazama, akatazama lebo, rangi ikamtoka. Aliomba radhi kweli kweli, hata Ranald akaanza kumhurumia. Lakini chupa za kwanza zilikuwa zimeshabandikwa zote. Aliahidi kwamba toleo la pili sentensi hiyo itafutwa. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, kwamba kuna jambo jingine. Siku ya uzinduzi watakuja wageni kutoka Ujerumani na Japani na magazetini, na wote wameandikiwa kwamba mlinzi mwenyewe ndiye atakayekunywa wa kwanza, kwa ile pembe ya zamani waliyoikuta kabatini. Alidhani ilikuwa yake ya kunywea.

"Ilikuwa ya kuwapimia wengine," Ranald akasema.

Angekataa pale pale, lakini jambo lilikuwa limeshatoka mikononi mwake. Wenye kampuni walikuwa wamesema wazi: Mlinzi ikiuzika kiwanda kinaendelea, isipouzika wataangalia upya. Sisi tulijua kuangaliwa upya ni nini. Tuliwahi kuangaliwa upya mwaka wa themanini na tatu. Na mzee aliyeko kwenye chupa akisimama mbele ya magazeti akasema hajawahi kuionja, hakuna Mjapani atakayesubiri kusikia habari ya daraja.

Tam alimfuata nyumbani, kofia mkononi, jambo ambalo halikuwahi kuonekana.

"Mchungaji, mimi sijawahi kukuomba kitu."

"Uliniomba nikuzidishie mara tatu kwa siku."

"Na ulininyima. Basi lile lipite, hili usininyime. Funda moja tu, ndugu yangu. Binti yangu ana nyumba ya kulipia."

Ranald alimwendea Jessie, akitarajia kuambiwa kwamba neno ni neno, hasa neno alilopewa marehemu. Jessie alikuwa akimenya viazi. Alimwambia anywe tu.

"Elspet hatakasirika, shemeji."

"Wewe ulikuwepo darajani?"

"Sikuwepo darajani," Jessie akasema, bila kuinua macho. "Nilikuwepo kwingine."

Ranald aliondoka amekasirika, akiona kwamba dunia nzima imemgeuka na kwamba amebaki yeye peke yake anayemkumbuka mkewe. Siku zilizobaki aliishi vibaya. Akinywa, atakuwa amemvunjia Elspet neno la mwisho lililokuwa likiwaunganisha. Asipokunywa, atalifunga lango la kiwanda kwa mkono wake. Akaamua jambo la kati, la kimwoga, na alijua ni la kimwoga: atainua pembe, atalowesha midomo, hatafungua meno.

Ikafika siku. Ghala la tatu lilikuwa limefagiwa, ila utando wa buibui uliachwa, maana wageni hulipia utando wa buibui. Mbele walikaa wa Edinburgh na magazeti, nyuma tukakaa sisi, na Jessie alikuwa kwenye kiti cha pembeni na mkoba wake magotini. Mwenyekiti wa kampuni alisema maneno mengi kuhusu wakati. Kisha ikaletwa ile pembe, imepakwa nta inang'aa, na aliyechaguliwa kuimiminia kutoka kwenye pipa alikuwa mpishi wa mitungi, Tam Riach.

Tam aliinamia pipa. Alimimina polepole mpaka kwenye alama ya zamani, akasimama, akamtazama Ranald machoni, kisha akaipita alama. Aliendelea kumimina mpaka wiski ikavimba ukingoni.

"Leo nakumiminia mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Wala sikubatizi."

Pembe iliyojaa namna hiyo hailoweshi midomo tu. Ranald aliinua, na kabla hajakaza meno wiski ikaingia. Mwanzo ulikuwa moto mtupu. Alifumba macho kwa aibu. Kisha moto ukashuka mahali pake, pale nyuma ya mfupa wa kifua, ukajikunja na kutulia, na kutoka chini yake ikapanda ile ladha.

Alisimama hivyo hivyo, macho yamefumbwa. Ilikuwa haina asali, haina malai. Lakini ukali ulikuwa ule ule, kwa mpangilio ule ule, ukifika pale pale kifuani ulipokuwa ukifika kila jioni tangu alipokuwa kijana, viatu vimevuliwa, mtu amesimama nyuma ya kiti chake akimwambia anywe yote, asiulize.

Alifumbua macho akamtafuta Jessie. Jessie alikuwa akiukagua mkoba wake kana kwamba ameona mchwa.

Ranald aliimaliza pembe yote, mpaka tone la mwisho. Kisha akakaa juu ya pipa, palepale alipopigiwa picha, na akalia mbele ya magazeti. Wageni walisimama wakapiga makofi. Mjerumani mmoja, macho yamemlowa, aliandika kwamba hajawahi kuona mtu akiguswa hivyo na kazi ya mikono yake. Oda za Mlinzi zilianza kuandikwa kabla hajapangusa uso.

Jessie alikuja akakaa karibu naye wengine walipokuwa wakila samaki na biskuti za oti.

"Tangu lini?" Ranald akauliza.

"Tangu baridi ile ya kwanza. Ulikuwa unakohoa mpaka kitanda kinagonga ukuta. Aliogopa, shemeji. Kwetu wanaume wanakufa mapema, tulikuwa tumeshamzika baba. Na siri ya dawa ya mama haikuwa kitu kingine, ni hicho ulichokunywa sasa hivi."

"Aliipata wapi? Wakati ule hakukuwa na chupa za mwezi."

"Mume wangu alikuwa na bomba la shaba la kuibia wiski ndani ya mguu wa suruali, kama wanaume wote wa ghala. Wote isipokuwa wewe. Baadaye ndiyo zikaja chupa zako."

"Zile za wagonjwa."

"Mgonjwa alikuwa mmoja."

Ranald aliitazama ile pembe tupu. Halafu hasira ikamjia, maana ilikuwa lazima ije. Akauliza kwa nini hakumwambia, kwa nini alimwacha asimulie habari ya darajani kila mwaka mpya mbele ya watu kama mjinga. Alikuwa ameishi miaka arobaini akijivunia kitu ambacho hakikuwepo.

"Alitaka kukuambia," Jessie akasema. "Mwaka wa kwanza alitaka, wa pili alitaka. Lakini wewe ulikuwa umeshaigeuza ahadi yake medali, unatembea nayo kifuani. Angekuvua vipi? Aliniambia, Jessie, mwache avae, mradi anapumua."

Ranald alikumbuka jinsi Elspet alivyokuwa akitazama moto. Miaka yote alidhani ni unyenyekevu.

Tam, ambaye masikio yake yalikuwa marefu kama mdomo wake, alikuwa amesimama nyuma ya nguzo na sahani ya samaki. Alikuwa na maneno tayari, tulimwona akiyapanga. Alimtazama Mchungaji, akayameza pamoja na samaki.

Jioni ilipokaribia Fenella alikuja na karatasi, ametabasamu, amechoka, viatu vimeharibika kabisa. Alimshika mkono Ranald, akamwambia amemkomboa kila mtu, na kwamba na yeye ametimiza lake. Toleo la pili linapelekwa kuchapwa kesho, na ile sentensi ya uongo ameifuta. Alimwonyesha mahali ilipokuwa, pameachwa wazi.

"Irudishe," Ranald akasema.

"Lakini ulisema si kweli."

"Nilikuwa sijui."

Fenella alimtazama, akadhani ni wiski inayosema. Akachukua kalamu hata hivyo, akaiandika upya pale pale, akamsomea polepole ili awe na hakika: kila jioni, kwa zaidi ya miaka arobaini, mlinzi wetu amekaa karibu na moto wake na tone lake la Balnorran.

Ranald alisikiliza mpaka mwisho, akiwa ameinamisha kichwa.

"Si kila jioni," alisema. "Hapo rekebisha. Tangu Novemba ya mwaka jana sijapata, hakuna wa kunitengenezea."